Umeambiwa ulale na mimba? Soma hapa kabla hujajitupa kitandani

Mie niliambiwa "nenda kapumzike" mimba ya miezi sita na ushei, damu imeshatoka mara mbili na altrasaundi inaonesha kondo la nyuma limekaa chini limeziba njia. Nikarudi zangu Wete, Pemba, nkajua kupumzika ndo kutofua. Kumbe kila daktari akisema pumzika ana lake kichwani, kwa hiyo usitoke mle chumbani hujamuuliza: choo nende mwenyewe? Nioge nimesimama? Kukaa kitako je, kwa muda gani? Na mume je? Usione haya hapo, damu ikiwa inatoka kwa kondo kukaa chini wengi hukatazwa kabisa. Muulize na lini unapimwa tena, manake mara nyingi kondo linapanda tumbo linavyokua na masharti yakalegezwa. Tena siku hizi madaktari wengi hawapendi mtu alale tu kutwa kucha, damu inaweza kuganda miguuni na mwili ukalegea. Basi usijiongezee masharti usiyopewa, wala usijipunguzie.

Sasa kulala si kazi, kazi watu. Mie ilikuwa msimu wa karafuu, nyumba nzima iko barazani inachambua karafuu na vijiti vyake, mie ndani nasikia vicheko na harufu inaingia dirishani, mama mkwe ananiita "mwanangu njoo ukae tu, kwani kutoa makonyo kuna uzito gani?" Kuinama juu ya jamvi masaa matatu si mapumziko jamani! Nilichofanya, nikamwacha mume aseme yeye kwa mama yake, tena kwa maneno ya daktari, kwa sababu ukisema mwenyewe we mvivu, akisema mwanawe ni amri ya spitali. Na atakuja bibi na mafuta ya nazi anataka kukukanda aliweke tumbo sawa. Kataa, kwa kondo la chini kukandwa kunaweza kukuletea damu. Mwambie "bibi, daktari kakataza, niombee dua tu", hakasiriki, na akikasirika ataridhi.

Kitanda kisogeze kwenye dirisha. Lalia ubavu, wa kushoto ndo mzuri zaidi, weka mto katikati ya magoti na kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, kwani ukilala chali mimba imekuwa kubwa inakandamiza ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, unaona kizunguzungu tu. Kama daktari hakukataza, kila saa zungusha vifundo vya miguu, vuta vidole kama unavyokanyaga cherehani. Jagi la maji liwe karibu, usiogope kunywa ati kwa kuwa choo kiko uani, wekewa ndoo yenye mfuniko chumbani.

Choo kigumu kitakutesa, kulala kunachangia na vidonge vya kuongeza damu navyo vinachangia, na kujikamua hutakiwi. Papai bivu, kunde, mchicha, maji. Vidonge usivinywe na chai, chai inazuia visifanye kazi vizuri, kunywa na maji ya machungwa.

Sala unasali umekaa, ukishindwa unasali umelala, dini haina ugumu. Mchana mrefu lakini, simu inachosha ukaanza kusoma habari za watu waliofiwa na watoto, wacha. Mie nilishona kofia, vitobo tu kimoja kimoja, nimemaliza moja na nusu. Shoga yangu yeye alisuka ukili. Na ukilia lia, ila ikiwa kila siku hulali huli na huoni raha ya chochote mwambie wa kliniki, hayo nayo ni maradhi.

Hayasubiri asubuhi haya: damu hata kama haikuumi, maji kumwagika, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata. Kwa hiyo mkoba uwe tayari na kadi ya kliniki na kanga, watu wawili watatu wa kukutolea damu wajulikane mapema, na jirani mwenye gari umwambie leo hii, umuulize kabisa usiku simu huwa anaiwasha au anaizima.