Kusafisha na Kulainisha Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja huanza kuharibika kwenye bawaba kabla ya kuharibika makali. Makali yakififia, mwenye kisu hutambua siku hiyo hiyo na kukinoa. Lakini chembe za mchanga, nyuzi za mfukoni na utomvu wa matunda hujikusanya polepole ndani ya mpini bila kuonekana, mpaka siku bapa linapokataa kufunguka kwa kidole gumba au linapofunguka kwa sauti ya kusaga. Hapo wengi hukimbilia mafuta, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mafuta yanayomiminwa juu ya mchanga huugeuza kuwa tope la kusagia, ambalo hula pini ya bawaba na kitako cha bapa kila kisu kinapofunguliwa. Utaratibu ni mmoja na haupinduliwi: kuosha, kukausha, kisha kutia mafuta.

Kwanza tambua kisu chako kimetengenezwa kwa nini. Mabapa mengi ya siku hizi ni ya chuma kisichoshika kutu, yaani chuma chenye kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, ambayo hulifunika bapa kwa utando mwembamba usioonekana. Utando huo una adui mkubwa, nao ni chumvi. Kwa hiyo kisu kinachokaa Mombasa, Unguja au Mtwara, na hasa kile kinachopasulia samaki wa baharini, kinaweza kupata vidoa vya kutu hata kama kimeandikwa kwamba hakishiki kutu, na mara nyingi vidoa hivyo huanzia pale jicho lisipofika, chini ya springi na kuzunguka pini. Bapa la chuma cha kaboni halina kinga hiyo. Likiachwa na maji usiku mmoja asubuhi utalikuta lina wekundu, ingawa hunoleka kwa urahisi na ndiyo maana bado lina wapenzi wake. Mpini nao uangaliwe: plastiki huvumilia maji lakini huharibiwa na asetoni na tina ya kuchanganyia rangi, ilhali mbao na pembe zikirowekwa huvimba na baadaye hupasuka.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kisu cha Victorinox, kwa kuwa kina vifaa vingi vilivyobanana mahali padogo. Mwanzilishi wake, Karl Elsener wa Ibach, katika jimbo la Schwyz nchini Uswisi, alisajili kisu chake cha maofisa mwaka 1897, na ubunifu wake ulikuwa kuifanya springi moja ihudumie vifaa vya pande zote mbili za mpini. Kwa hiyo hakuna faida ya kusafisha upande wa bapa kuu na kuuacha upande wa kizibuo, kwani springi ni ile ile.

Chomoa kibanio na kijiti cha meno vilivyomo mpinini, kisha yafunge makali ya bapa kuu kwa utepe wa gundi, maana sabuni huteleza na vidole vitapita karibu na makali mara nyingi. Andaa bakuli la maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, utie matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kiingize kisu majini, ufungue na kufunga kifaa kimoja kimoja kikiwa humo humo ndani ya maji, mara kumi au zaidi kwa kila kimoja. Utaona wingu jeusi au la kijivu likitoka kwenye bawaba. Hilo ni mchanganyiko wa mafuta ya zamani na unga wa chuma, na ndilo hasa unalolitafuta. Mwaga maji yakichafuka, weka mengine. Baada ya hapo chukua mswaki mkuukuu, usugue mfereji ambamo bapa hulala, hasa pembe ya mwisho iliyo karibu na pini, ambako nyuzi za mfukoni hujisokota na kugandamana. Uchafu usiotoka kwa mswaki utolewe kwa kijiti cha meno cha mbao; usitumie sindano wala msumari, kwa kuwa vinakwaruza kuta za ndani na kila mkwaruzo ni makao mapya ya unyevu.

Dakika chache za kuroweka zinatosha. Kisu chenye mpini wa mbao kisirowekwe kabisa: kifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, na bawaba yake isafishwe kwa vijiti vya pamba vilivyochovywa kwenye spiriti. Mashine ya kuoshea vyombo nayo haifai kwa kisu chochote cha kukunja.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu visu vingi huharibiwa na siku ya kuoshwa kuliko na miezi ya kutumiwa. Kitambaa hakifiki kwenye bawaba. Kikung'ute kisu kwa nguvu, kisha ukipulize kwa pampu ya baiskeli ukiielekeza kwenye pini huku ukifungua na kufunga kifaa husika. Utashangaa ni maji kiasi gani yanaruka kutoka mahali palipoonekana pakavu. Ukiwa jirani na fundi pancha, upepo wa kompresa yake hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache, mradi uvae miwani ya kukinga macho. Baadaye kiache kisu wazi chote, mbele ya feni au mahali penye upepo kivulini, kwa saa kadhaa. Pwani, wakati wa masika, kiache mpaka kesho yake.

Sasa mafuta. Mafuta ya kula, ya alizeti kwa mfano, hayafai, kwa sababu yakikaa hewani huungana na oksijeni na kuwa gundi ya kahawia, ile ile inayoganda kwenye mgongo wa kikaango. Mafuta ya nazi huchelewa kuganda kwa namna hiyo, lakini yana tatizo lake: hugeuka kuwa mango joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, kwa hiyo asubuhi ya baridi Arusha au Nairobi bawaba itakuwa nzito. Oili chafu ya injini imejaa masizi na chembe za chuma, wala haipaswi kukaribia kitu kinachomenya tunda. Dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu ni nzuri kwa kufukuza maji na kulegeza bawaba iliyokwama, ila sehemu yake kubwa huyeyuka hewani; isihesabiwe kuwa kilainishi cha kudumu.

Kwa kisu kinachokata chakula, chaguo langu ni parafini ya maji ya duka la dawa, ile safi isiyo na rangi wala harufu, ambayo watu huinywa kwa ajili ya choo kigumu. Angalia usiuziwe mafuta ya taa. Kwa kisu cha kamba, maboksi na bustani, mafuta ya cherehani yanafaa sana, kwa kuwa ni mepesi na yanapatikana kila soko.

Chovya ncha ya kijiti cha meno ndani ya mafuta, uiguse kwenye mshono kati ya bapa na ukuta wa mpini, pale pale pini inapopita, tone moja kila upande. Fungua na ufunge mara ishirini hivi. Mafuta yakitoka meusi, bado kuna uchafu: yafute, utie tone jingine, urudie mpaka yatoke safi. Kisha futa kila kinachoonekana, maana mafuta yaliyo nje ya bawaba kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Bapa lipakwe utando mwembamba kwa kitambaa, ukifuta kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali.

Kisu chenye kufuli kinahitaji uangalifu wa ziada. Katika kile ambacho ulimi wa chuma ulio ndani ya mpini huruka na kulikinga bapa lisifunge, paguse kwa mafuta kwenye pini peke yake. Mahali ulimi unapokutana na kitako cha bapa pafutwe kwa spiriti pawe pakavu, kwani kufuli hiyo hutegemea msuguano, na ikiteleza bapa litaangukia vidole.

Opinel, kisu cha kukunja cha Savoie, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890 na kuongezewa pete ya kufungia mwaka 1955, kina tabia yake. Mpini wake wa mbao huvimba kwa unyevu na kulibana bapa. Wenyeji wa huko hugonga kitako cha mpini juu ya meza mpaka bapa lichomoze, kisha hulivuta. Nawe fanya hivyo badala ya kulazimisha kwa koleo. Mpini ukikauka vizuri unaweza kupakwa mafuta ya kitani, lakini kitambaa ulichotumia kitandazwe nje mpaka kikauke, kwa sababu kikikunjwa na kutupwa kwenye kapu kinaweza kujichemsha chenyewe na kuwaka moto.

Bapa la kaboni lililokata maembe na ndimu hupata rangi ya kijivu yenye ubuluu. Iache, ni ngozi inayolisaidia bapa. Kinachoondolewa ni wekundu. Paka mafuta juu yake, uache kwa saa moja, kisha usugue kwa sufu laini kabisa ya chuma (steel wool) kwa kufuata urefu wa bapa. Ndimu na siki huila kutu kweli, lakini zikiingia kwenye bawaba zitaendelea kula humo, hivyo zitumike kwa kitambaa tu, mbali na pini, na bapa lisuuzwe mara moja.

Kisu cha matumizi ya kila siku kifanyiwe kazi hii yote kila baada ya miezi miwili au mitatu. Cha baharini kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni na kutiwa tone kila wiki. Kikihifadhiwa kwa muda mrefu, kitolewe kwenye ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu, kifungwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na kuwekwa mahali pakavu.