Somo la Kiigbo: viungo vya mwili, kuanzia kichwani

Wengi hujifunza Kiigbo, lugha ya Waigbo wa Nigeria, kupitia Kiingereza, wakajiongezea mzigo bure. Sisi tupitie lugha yetu: aka ni mkono wote, toka begani hadi vidoleni, na ụkwụ ni mguu pamoja na wayo wake.

Hatua ya kwanza: gusa huku ukitaja. Isi kichwa, anya jicho, imi pua, ntị sikio, ọnụ mdomo, ire ulimi, eze jino, afọ tumbo, azụ mgongo. Ukifika ikpere, goti, rudi juu.

Hatua ya pili: mwenye kitu hufuata jina, kama kwetu, ila ngeli hakuna. Kichwa changu, jicho langu, mkono wangu, vyote ni m tu: isi m, anya m, aka m. Kwa "-ako" sema gị.

Hatua ya tatu ni toni, yaani sauti kuwa juu au chini, na hapa tusikimbie. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti hushuka. Ukitamka eze kwa mazoea hayo, umetaja mfalme! Jino linataka sauti ibaki juu silabi zote mbili. Weka kidole kwenye jino, sema polepole, usiiache sauti ianguke. Na nukta za chini si mapambo: ụkwụ ni mguu, ukwu ni kiuno.

Hatua ya nne: kusema unaumwa. Isi na-awa m, yaani kichwa kinanipasua. Kumwuliza mgonjwa: Isi ọ na-awa gị?

Maswali

– Mwalimu, wingi unakuwaje?
– Jina halibadiliki. Macho mawili ni anya abụọ, kama kusema "jicho mbili".

– Shikamoo mwalimu. Kulia na kushoto je?
– Marahaba. Aka nri ni mkono wa kulia, aka ekpe wa kushoto. Sasa angalia: nri ni chakula pia, nasi mkono wetu ni wa kulia chakula. Nilipoligundua hilo nilifurahi siku nzima.

– Nimesikia mtoto akiambiwa "isi ike". Ni tusi?
– Ni kichwa kigumu, mbishi. Kuna na ntị ike, sikio gumu, yule asiyesikia la mtu. Mtoto huambiwa, kwa mtu mzima usithubutu.