Namna ya kuzungusha vitabu kati ya marafiki, Iringa mpaka Tukuyu

Ukimwambia rafiki yako aliyehamia Njombe "kuna kitabu kizuri, kitafute," hatakitafuta. Si kwamba ni mvivu. Maduka mengi ya vitabu kwenye miji yetu yanaishi kwa vitabu vya shule na madaftari, na riwaya ikipatikana mara nyingi ni ileile iliyo kwenye mtaala. Pendekezo linalozaa matunda ni lile linalofika na kitabu chenyewe, pamoja na tarehe ya kukipitisha kwa mwingine. Utaratibu wake ni kama mchezo wa kina mama mtaani, ila badala ya hela kinazunguka kitabu.

Watu watano wanatosha. Wakiwa watatu, mmoja akiuguliwa tu mchezo umekufa. Wakiwa wanane, kitabu kinarudi kwa mwenyewe wakati wa kwanza kukisoma ameshasahau hata mhusika mkuu. Kila mmoja anatoa kitabu kimoja ambacho ameshakisoma mpaka mwisho. Kupendekeza kitabu kwa sababu ya jalada au kwa kusikia sifa zake ni kuwachosha wenzako bure.

Pangeni zamu kwa kufuata barabara, si kwa kufuata nani alijiunga kwanza. Tuseme mko Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya na Tukuyu. Wa Iringa anatuma Mafinga, wa Mafinga anatuma Njombe kwa mabasi ya Songea, wa Njombe anatuma Mbeya, wa Mbeya anatuma Tukuyu, na wa Tukuyu anarudisha Iringa kwa mabasi ya Kyela yanayokwenda Dar es Salaam. Kila mtu anamtumia mtu yuleyule siku zote, kwa hiyo ofisi moja ya basi inamzoea na namba ya mpokeaji anaijua kwa kichwa.

Siku ya kupitisha ni moja kwa wote, kila baada ya wiki nne. Kwa vitabu vitano, wiki 16 zinatosha kila mtu kusoma vinne vya wenzake, kisha upitishaji wa tano unarudisha kila kitabu nyumbani. Mkianza mwanzoni mwa Februari mnamaliza mwishoni mwa Mei, kabla mavuno hayajapamba moto. Kuanza Novemba ni kujitafutia lawama: mvua za kwanza zikinyesha watu wako shambani, na walimu wako kwenye mitihani.

Kanuni inayookoa mzunguko ni hii: tarehe ikifika unapitisha ulichonacho, umemaliza au hujamaliza. Mizunguko mingi hufia hapa. Mtu anaomba "siku tatu tu, nimebakiza sura mbili," anapewa, na aliye mbele yake anakaa bila kitabu. Mwezi unaofuata huyohuyo anaangukiwa na vitabu viwili kwa mpigo, anakata tamaa, hajibu meseji. Aliyebakiza sura mbili aandike ukurasa alioishia. Atakiazima tena mzunguko ukiisha. Ndiyo maana kwa mara ya kwanza chagueni vitabu vya kurasa 120 hadi 250. Vinene vina wakati wake.

Kitabu kikiwa cha mtumba, kikague kabla ya kukiingiza. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na fungu zima linaweza kuwa limechomoka bila jalada kuonyesha dalili yoyote. Pitisha kidole kwenye namba: ukiona 96 inafuatwa na 113, fungu moja limepotea. Kama kimeunganishwa kwa gundi bila uzi, usikikunje kinyumenyume, na usikianike karibu na jiko la mkaa, kwa sababu joto hulainisha gundi na kurasa zinaanza kudondoka.

Kila kitabu kisafiri na daftari lake dogo la shule, ambalo ndilo linaloshikilia urafiki kuliko kitabu chenyewe. Mbele ya daftari kila msomaji anaandika tarehe aliyopokea, sentensi moja aliyoinukuu pamoja na sura na ukurasa wake, na swali moja kwa anayefuata. Sura ni muhimu, maana mwenye nakala ya toleo jingine, labda aliyoiazima maktaba ya mkoa, namba zake za kurasa hazitalingana na zenu. Mambo ya mwisho wa hadithi yanaandikwa kuanzia nyuma ya daftari, likiwa limegeuzwa, na hakuna kufungua huko kabla ya kumaliza. Kwenye kitabu chenyewe usiandike hata kwa penseli, mpaka mwenyewe aruhusu.

Swali liwe la kumchokoza mtu unayemjua. "Umeionaje?" itajibiwa "nzuri," na mazungumzo yameishia hapo. Linganisha na hili, la mtu wa Iringa kwa rafiki yake muuguzi aliye Mafinga:

"Kamwene dada. Sura ya 6 huyu mama anaficha ugonjwa kwa mume wake. Wewe unaowaona wodini kila siku, hivi kweli inawezekana kuficha miezi yote hiyo? Mimi nilimkasirikia mwandishi. Kurasa 30 za mwanzo zinavuta miguu, zivumilie. Ukifika ya 60 hakijakushika, achana nacho, sitanuna."

Ujumbe huo una kila kitu kinachotakiwa kwenye pendekezo: kwa nini kitabu hiki kimeletwa kwako wewe, kinapochosha ni wapi, na ruhusa ya kukiacha. Ruhusa hiyo ni ya lazima. Anayeona aibu kusema kitabu cha rafiki hakikumpendeza huanza kukwepa simu.

Sasa kifurushi. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na kwenye buti la basi kitabu kinalala na magunia ya viazi na ndoo za parachichi. Kivishe kwanza ile plastiki ya kufunikia madaftari, pindo zote zizibwe kwa selotepu, kisha karatasi ya kaki. Andika majina na namba za simu, yako na ya mpokeaji, pande zote mbili, maana upande mmoja ukichubuka mwingine unabaki. Andika pia mahali pa kushushia. Kwa Iringa usiandike "Iringa" tu: mji uko juu kilimani, na basi la safari ndefu linapita chini barabara kuu, kwa hiyo taja Ipogolo au stendi ya Igumbilo, kulingana na ofisi watakavyokwambia. Pakia kwenye ofisi ya basi upewe risiti, uipige picha pamoja na namba ya gari, umtumie mwenzako palepale. Kumkabidhi konda mkononi bila risiti ni rahisi mpaka siku kifurushi kitakapopitiliza. Tuma Jumanne au Jumatano, asubuhi. Kinachofika Jumamosi usiku kinalala stendi.

Kikifika kimelowa, kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimeachana, ndani penye hewa, na uweke karatasi kavu kila baada ya kurasa kadhaa, uzibadilishe zikilowa. Jua kali litakipinda. Kama kimeanza kuota ukungu, kikaushe kwanza kabisa, ndipo ukipanguse nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, mbali na vitabu vingine.

Kutakuwa na mmoja wa kusema, "si mpige picha tu mtume WhatsApp." Kuazimana nakala mliyoinunua hakuna tatizo, kunakili kitabu kizima na kukisambaza ni kumwibia mwandishi, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Isitoshe, faili likishafika kwenye simu linasubiri mpaka lini? Halina tarehe, halina anayelingoja.

Simu itumieni kwa mambo madogo. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili na uende kwa mtu mmoja, aliyekutumia kitabu, si kwa kundi zima. Kwenye kundi waongeaji watakuwa wawili na wengine watazima sauti. Mwenye kitochi atumiwe meseji ya kawaida. Siku ya kupitisha, aliyepokea anapiga simu ya kuthibitisha. Wengi wanaanza na kitabu na kuishia kwenye habari za watoto, jambo ambalo kwa kweli ndilo mlilokuwa mnalitafuta.

Mzunguko ukiisha, kutaneni mara moja. Makambako iko karibu katikati, kwa hiyo hakuna anayeumia sana kwa nauli. Ila kama kimojawapo kilihusu vita vya Mkwawa, gharama ya kwenda Kalenga, nje kidogo ya Iringa, haipotei bure: fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa kwenye makumbusho ya pale, na mabishano mliyoandika kwenye daftari mtayamalizia hapo. Chagueni Jumamosi, na kila mtu aje na kitabu cha mzunguko unaofuata, ili upitishaji wa kwanza ufanyike mkono kwa mkono bila nauli ya kifurushi.