Sosi ya pilipili ya kuchachusha nyumbani

Tafuta mizani kwanza. Kinachoamua kama pilipili itachacha au itaoza ni chumvi: asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa vyote unavyosaga. Kijiko kinadanganya, maana chumvi laini na ya mawe hazijai sawa.

Kwa mtungi wa kioo wa lita 1, chukua pilipili mbuzi nyekundu gramu 500 zisizo na vikonyo, karoti 150 na kitunguu saumu 50. Chumvi ni gramu 20. Ukipenda, gramu 100 za pilipili ziwe kamulari (pilipili kichaa, zile ndogondogo). Chumvi ya dukani yenye madini joto inafaa. Ile ghafi ya Katwe, ziwa la chumvi la Uganda, iache: ina magadi, na magadi huua asidi unayoitafuta.

Vaa glavu. Mikono ikiwaka, sugua mafuta ya kupikia kisha sabuni. Maji matupu hayaondoi ukali.

Tupa pilipili yoyote iliyoanza kulainika. Saga bila maji, changanya chumvi, jaza mtungi robo tatu tu kwa sababu gesi huinua rojo. Juu yake kandamiza kavera (mfuko wa plastiki) safi iliyotiwa maji ya chumvi (gramu 30 kwa lita), ili hata ikivuja isizimue rojo. Funika bila kukaza, weka kivulini.

Mapovu huanza siku ya pili au ya tatu. Kampala siku 7 hadi 10 zinatosha. Kabale kwenye baridi, wiki 2 hadi 3.

Utando mweupe ulio bapa ni hamira mwitu: ukwangue, endelea. Ukiona manyoya, ya rangi yoyote, mwaga mtungi wote, kwani ukungu umeshapenya chini. Saumu kugeuka bluu si tatizo. Usimwagie mafuta juu: rojo lisilo na asidi ya kutosha likikosa hewa linaweza kuzaa sumu ya botulinamu.

Pima kwa karatasi za asidi. Mpaka wa usalama ni pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) 4.6, lakini subiri ishuke chini ya 4. Saga tena na siki mililita 100, chuja, chemsha moto mdogo dakika 10 madirisha yakiwa wazi (mvuke wake unakohoza nyumba nzima), kisha jaza ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa. Isiyochemshwa ina ladha nzuri zaidi, ila ni ya friji tu. Umeme ukikatika kutwa, gesi inarudi na chupa iliyokazwa hupasuka.