Kutoka Kampala hadi residensi ya Marekani: sifa, karatasi na viza

Residensi za Marekani, yaani mafunzo ya ubingwa ya daktari akiwa kazini hospitalini, huanza Julai 1, na tarehe hiyo haimsubiri mtu ambaye karatasi yake imekwama Wizara ya Afya, Lourdel Road. Ndiyo maana ratiba huhesabiwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Viza ipatikane Mei au mwanzoni mwa Juni. Barua ya Wizara ya Afya iwe mkononi Aprili. Matokeo ya Match, mfumo unaowapangia waombaji programu za residensi, hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi, usaili hufanyika kuanzia Oktoba hadi Januari, na maombi husomwa na hospitali tangu mwisho wa Septemba. Mitihani na uthibitisho wa shahada vitangulie hayo yote. Ukihesabu vizuri, daktari anayetaka kuanza kazi Julai anapaswa kuwa ameshika kitabu cha Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, takriban miaka miwili kabla.

Anza na chuo chako. ECFMG, ambayo sasa iko chini ya Intealth, ndiyo inayothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, na bila cheti chake hakuna residensi. Fungua tovuti ya World Directory of Medical Schools, tafuta chuo, kisha bofya sehemu ya maelezo ya wadhamini. Usiishie kuliona jina la chuo tu. Soma maelezo ya ECFMG, halafu angalia kama mwaka wako wa kuhitimu umo ndani ya miaka iliyotajwa. Hili lifanywe na aliyesoma Makerere au Mbarara sawasawa na aliyesoma Gulu, Busitema au Ishaka. "Chuo chetu kinajulikana" si jibu.

Kinachofuata ni jina, na hapa Waganda wengi hujikwaa. Pasipoti inasema Ssemakula, shahada inasema Semakula. Au jina la ubatizo limeandikwa Yokana kwenye kitambulisho cha taifa na John kwenye shahada. Au dada ameolewa katikati ya masomo, majina ya kwanza na ya mwisho yakabadilishana nafasi. Kwetu herufi moja ya S haimsumbui mtu, lakini kwa mfumo wa ECFMG huyo ni mtu mwingine mpaka alete hati inayounganisha majina yote mawili. Sajili akaunti kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama shahada inatofautiana, tafuta hati ya kisheria ya jina kabla hujalipia mtihani wowote, kwa sababu siku ya mtihani jina la kibali cha mtihani lisipolingana na la pasipoti mlango haufunguki na ada hairudi.

Utambulisho wenyewe unathibitishwa kwa video, mbele ya mthibitishaji wa mtandaoni anayeitwa NotaryCam. Chagua mahali penye umeme na intaneti ya kuaminika, na uwe na pasipoti isiyokaribia kuisha. Shahada na matokeo huenda moja kwa moja kwa chuo ili ofisi ya msajili iyathibitishe. Mfuatilie msajili kwa adabu, lakini mfuatilie. Ombi la ECFMG likimwangukia karani asiyejua ni la nini, litakaa kwenye barua pepe hadi likauke.

Mitihani ya kuombea cheti ni miwili: Step 1 na Step 2 CK. Step 1 ni siku ya saa 8, na tangu Januari 2022 matokeo yake ni kufaulu au kushindwa tu. Step 2 CK ni saa 9, na bado inatoa alama kwa namba. Maana yake ni wazi: namba pekee ambayo mkuu wa programu atakuhukumu nayo ni ya Step 2 CK, basi weka nguvu huko. Unaweza kuanza na mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili kuboresha alama, na kila Step ina ukomo wa majaribio 4. Kwa ajili ya cheti, mitihani yote inayohitajika uifaulu ndani ya miaka 7. Unapojisajili unapewa kipindi cha miezi mitatu cha kufanyia mtihani, kwa hiyo usilipe kwa msukumo wa wenzako. Angalia kwanza nafasi zilizo wazi katika vituo vya Prometric, kampuni inayosimamia mitihani hii, utakavyoweza kuvifikia, na gharama za kulala huko kama kituo kiko nje ya nchi.

Step 2 CS, ule mtihani wa kumpima mgonjwa wa kuigiza, ulifutwa 2021. Nafasi yake imechukuliwa na njia kadhaa zinazoitwa Pathways. Kwa daktari wa Uganda njia nyepesi mara nyingi ni ya kwanza, ya mtu ambaye tayari ana leseni ya kutibu bila kusimamiwa. Lakini soma vizuri: bila kusimamiwa. Usajili wa muda unaopewa na Baraza la Madaktari kwa ajili ya mwaka wa intanshipu, ule wa kazi chini ya usimamizi baada ya shahada, hautoshi. Maliza intanshipu, pata usajili kamili na leseni ya mwaka, ndipo uombe. Hapo ndipo kuchelewa kupangiwa hospitali ya intanshipu kunapouma mara mbili, kwa kuwa programu nyingi huwakata waombaji waliohitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita, na muda uliokaa nyumbani ukisubiri nao unahesabiwa. Usiukalie bure, ni muda mzuri wa Step 1.

Njia zote za Pathways zinadai pia mtihani wa Kiingereza wa OET, toleo la madaktari. Ndiyo, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu P1. Wanaoudharau huangushwa na kuandika barua ya rufaa ya mgonjwa: wanamwaga kila kitu kilichomo kwenye faili badala ya kuchagua kile ambacho daktari anayepokea anakihitaji.

Kuhusu maombi yenyewe, mawili yatoshe. Kwanza, barua za mapendekezo hupakiwa na mwandishi mwenyewe, si wewe, katika ERAS, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya residensi. Barua ya kawaida yenye muhuri wa hospitali, isemayo kwamba fulani alifanya kazi hapa na tabia yake ni njema, haina uzito. Mwombe daktari bingwa aliyekuona ukihudumia wagonjwa wodini, na umkumbushe kwa maandishi ni wagonjwa gani. Pili, kabla ya kulipia programu yoyote, angalia kama inadhamini viza na ni viza gani. Wengine hutumia fedha kuomba sehemu mia moja ambazo nusu yake zisingeweza kuwachukua tangu mwanzo.

Sasa viza. Ziko mbili za kufikiria. H-1B, viza ya kazi, inaombwa na hospitali yenyewe, na inakudai uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni. Step 3 hufanyika ndani ya Marekani na maeneo yake tu, kwa hiyo unahitaji viza ya kwenda kufanya mtihani ili upate viza ya kwenda kazini. Juu ya hapo, tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Hospitali ambazo zamani zilikubali kwa urahisi sasa zinasita. Kwa mtu anayeanzia Kampala, panga J-1, viza ya mafunzo, na H-1B ikija ihesabu kama bahati.

J-1 ya madaktari hudhaminiwa na ECFMG, si hospitali. Muda wake hauzidi miaka 7 kwa kawaida. Huruhusiwi kufanya kazi ya pembeni hata usiku mmoja. Na ina sharti ambalo watu hulitia sahihi bila kulisoma: ukimaliza unarudi nyumbani kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kustahili H-1B au makazi ya kudumu. Kuna msamaha, maarufu ukiwa ule wa Conrad, ambapo kila jimbo linaweza kuwaombea madaktari hadi 30 kwa mwaka, nao hufanya kazi miaka 3 kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Usiutegemee kama haki yako, nafasi hugombaniwa.

Kwa J-1 unahitaji barua ya uhitaji kutoka Wizara ya Afya ya nchi yako. Hii ndiyo karatasi inayochelewesha watu kuliko zote, na kosa huwa ni dogo. Maneno yake yamepangwa na ECFMG: kwamba nchi inahitaji madaktari wa fani hiyo, na kwamba mwombaji ameiahidi serikali kwa maandishi kuwa atarudi baada ya mafunzo na kufanya kazi katika fani hiyo. Mtumishi wa wizara akiamua kuyaboresha maneno, au akaandika "masomo ya juu ya udaktari" badala ya jina la fani, barua inarudishwa. Peleka nakala ya maneno yanayotakiwa ikiwa imeshachapwa, pamoja na ahadi yako iliyosainiwa. Kabla ya kutoka ofisini simama hapohapo kwenye korido, uisome: jina kama la pasipoti, fani kama ya mkataba, sahihi, muhuri, tarehe. Kama umepata mwaka wa awali wa magonjwa ya ndani kisha radiolojia, barua itaje radiolojia, maana ndiyo unayokwenda kusomea. Ukitaka ubobezi zaidi baada ya residensi, utaomba barua nyingine.

Udhamini ukikubaliwa unapewa fomu DS-2019, hati ya udhamini wa J-1. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wageni wa masomo na mafunzo, dola 220, jaza fomu ya maombi ya viza, DS-160, lipa ada ya viza, dola 185, halafu chukua miadi ubalozini Ggaba Road. Tangu Juni 2025 waombaji wa J-1 wanatakiwa kuacha kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi kwa kila mtu. Zifungue kabla ya usaili na zitaje zote kwenye fomu. Swali la msingi litakuwa kama utarudi. Jibu kwa mambo yaliyopo: familia, ardhi, kazi, fani ambayo nchi haina mabingwa wa kutosha. Barua ya wizara inakusaidia hapo, kwa hiyo ijue ilivyoandikwa.

Wanafunzi wa nchi jirani waliosoma Uganda waelewe kwamba viza na barua vinafuata pasipoti, si chuo. Mtanzania aliyehitimu Ishaka anaomba barua Tanzania. Na vizuizi vya kuingia Marekani vinahesabiwa vivyo hivyo: Somalia na Burundi ziliingizwa kwenye orodha Juni 2025, Sudan Kusini na Tanzania Desemba mwaka huohuo, kwa viwango tofauti. Soma tangazo linalohusu pasipoti yako kabla ya kulipia maombi.

Ukishapata viza, linganisha tarehe mbili: ya kuanza iliyo kwenye DS-2019, na ya wiki ya kuwakaribisha madaktari wapya hospitalini, ambayo mara nyingi huangukia katikati ya Juni. Huwezi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya DS-2019, wala huwezi kufanya shughuli za hospitali kabla yake. Zikigongana, mwandikie mratibu wa programu siku hiyohiyo ili tarehe irekebishwe, ndipo ununue tiketi.