Kupima usafi wa dawa ya skani ya mifupa kwa vipande viwili vya karatasi

Mpwa wangu wa Malindi ameajiriwa kitengo cha tiba ya nyuklia Nairobi. Kabla hajapanda basi tulikaa barazani na kalamu, vipande vya kromatografia na asetoni kidogo. Mionzi hailetwi nyumbani, ila mkono huzoea hata kwa wino. Haya ndiyo tuliyopitia, kwa dawa moja tu: MDP, kemikali inayokwenda kwenye mifupa, iliyoshikanishwa na tekineti-99m, ambayo ndiyo yenye mionzi.

1. Jenereta

Jenereta ni chombo chenye molibdeni-99, ambayo hugeuka kuwa tekineti. Kamua tekineti hiyo, pima kwa kipima dozi (chombo cha kupima kiasi cha mionzi), kisha pima tena ndani ya kopo la risasi, ile metali nzito, kuona kama molibdeni imevuja. Risasi huzuia karibu miali yote ya tekineti. Ya molibdeni-99 ina nguvu zaidi, hupenya. Famakopia ya Marekani (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) inaruhusu kilobekereli 0.15 za molibdeni kwa kila megabekereli ya tekineti, na kikomo hicho ni cha saa ya sindano, si cha saa ya kukamua. Tekineti hupungua nusu kwa saa 6, molibdeni kwa saa 66. Iliyopita asubuhi kwa chupuchupu, alasiri imeshafeli.

2. Kuchanganya

Fuata karatasi ya kiwanda. Usiingize hewa kichupani.

3. Vipande

Hapa ndipo watu wanapopoteza asubuhi nzima, kwa hiyo nisamehe urefu.

Tunatafuta uchafu wa aina mbili. Pertekinetati huru, yaani tekineti isiyoshikana na MDP, huenda kwenye tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo. Koloidi, yaani chembe ndogo za tekineti zisizoyeyuka, hukimbilia ini. Tone la dawa huwekwa karibu na ncha ya chini ya kila kipande, kimoja husimamishwa kwenye asetoni na kingine kwenye maji ya chumvi; kimiminika kikishapanda, kipande hukatwa katikati na kila nusu huhesabiwa. Kwenye asetoni, ile huru hupanda hadi juu, dawa na koloidi hubaki chini. Kwenye maji ya chumvi ya 0.9%, koloidi peke yake hubaki chini.

Weka alama ya mahali pa tone kwa penseli, kamwe si kalamu: wino hupanda na asetoni, na mpwa wangu alijionea. Alama iwe juu ya usawa wa kimiminika, la sivyo tone litaoshwa badala ya kupanda. Shika kwa koleo ndogo; vidole vina mafuta.

Tone liwe dogo, na kipande kitumbukizwe papo hapo. Likikaukia hewani, oksijeni huharibu bati iliyomo, dawa inaachia tekineti, nawe unapima uchafu uliouzalisha mwenyewe.

Halafu unyevu. Mtu wa Malindi anajua chumvi iliyoachwa wazi mezani inavyolowa. Vipande na asetoni navyo hunywa maji ya hewani vivyo hivyo. Asetoni yenye maji huiburuta hata dawa nzuri, na ukikata kipande katikati sehemu hiyo inahesabiwa kuwa huru. Dalili yake ni mburuzo mrefu badala ya madoa mawili. Ndiyo maana sitaki chupa kubwa ya asetoni inayofunguliwa kila siku: nunua ndogo, mimina kidogo, funika, mwaga iliyobaki. Vipande vikae kwenye chombo kilichofungwa chenye kikaushio. Kipimo kikifeli, rudia kwa asetoni mpya na kipande kipya kabla ya kutupa kichupa.

4. Kuhesabu

Tumia kihesabu gama, chombo kinachohesabu miali moja moja. Kipima dozi hakioni kiasi kidogo hivyo. Lakini kihesabu nacho huzidiwa miali ikiwa mingi mno, kikaacha kuhesabu baadhi. Tuseme kwenye kipande cha asetoni nusu ya chini ina mapigo (miali iliyohesabiwa) 970,000 na ya juu 30,000: uchafu ni 3%. Kihesabu kikizidiwa kikaona 400,000 tu chini, uchafu unasomeka karibu 7%, na dawa haina kosa lolote. Sogeza vipande mbali na kihisio, vyote kwa umbali uleule, uhesabu tena. Uwiano ukibadilika, namba za kwanza hazifai.

5. Hesabu ya mwisho

Jumlisha asilimia ya huru na ya koloidi, toa kwenye 100. Famakopia ya Marekani inataka 90 au zaidi. Chini ya hapo hadungwi mtu, hata kama foleni imefika mlangoni. Andika matokeo kabla ya sindano ya kwanza. Alasiri mimi hurudia kipande cha asetoni, kwa sababu ile huru huongezeka kadiri kichupa kinavyochomwa sindano na kuingia hewa.