Somo: Kufuatilia siku ya kwanza ya Test ya ng'ambo ukiwa Nairobi

Test ni mechi ndefu ya kriketi, ya hadi siku tano; somo hili ni la siku ya kwanza pekee. Mfano mkuu ni Test inayochezwa Uingereza, kwa sababu saa zake ndizo zinazogongana zaidi na kazi za watu wa Nairobi. Penye tofauti na nchi nyingine tutaonyesha. Maswali ya wanachama wa kundi letu, kila moja na mtaa wa muulizaji, yako chini.

Hatua ya 1: Geuza saa mapema

Kenya haibadilishi saa mwaka mzima. Uingereza hubadilisha: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba iko nyuma yetu kwa saa mbili, na Test zake za nyumbani huchezwa ndani ya kipindi hicho. Mchezo ukianza saa tano asubuhi kule, huku ni saa saba mchana. Siku ya kawaida huenda hivi kwa saa zetu:

- Saa sita na nusu mchana: sarafu inarushwa, orodha za wachezaji zinatoka.
- Saa saba: mpira wa kwanza.
- Saa tisa hadi saa tisa na dakika 40: chakula cha mchana.
- Saa kumi na moja na dakika 40 hadi saa kumi na mbili jioni: chai.
- Saa mbili usiku: mwisho, ila hurefushwa hadi saa mbili na nusu kama ova 90 za siku (ova moja ni mipira sita) hazijaisha. Na mara nyingi huwa hazijaisha.

India ni rahisi: saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Afrika Kusini huanza kwenye saa tano hivi, West Indies saa kumi na moja jioni, nayo humalizika karibu na saa sita usiku.

Kinachowapoteza wengi ni Australia. Test ya Melbourne ya tarehe 26 Desemba huanza saa nne na nusu asubuhi kule, yaani saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 26 hapa. Ni usiku wa Krismasi yenyewe. Ukilala tarehe 26 ukiwa umeweka kengele ya saa nane usiku, utaamkia siku ya pili ya mchezo. Brisbane nayo ni tofauti: jimbo lake halibadilishi saa wakati wa kiangazi kama Melbourne na Sydney, kwa hiyo Test ya mchana pale ikianza saa nne asubuhi, huku ni saa tisa usiku. Usinakili saa za Melbourne ukadhani zinafaa kote.

Hatua ya 2: Chagua njia, kisha pima bando

Runinga: SuperSport ndiyo huonyesha kriketi nyingi upande wetu, ila haki za matangazo huuzwa kwa msururu. Kuona Test ya mwezi uliopita si ahadi kwamba utaona ya mwezi huu. Fungua ratiba ya chaneli siku mbili kabla, na uhakikishe kifurushi chako kinaibeba chaneli hiyo. Wakati wa masika dish hupoteza mawimbi wingu zito likipita, kwa hiyo uwe na njia ya pili.

Video kwenye simu: kwa ubora wa wastani hesabu karibu GB 0.7 kwa saa. Saa sita za mchezo ni zaidi ya GB 4. Watu hununua bando la siku la GB 1 halafu hushangaa likikata kabla ya chakula.

Sauti: redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa, siku nzima kama MB 350. Kwa mtu aliye kazini hii ndiyo njia bora, mradi haki za matangazo haziifungi nje ya nchi husika. Ijaribu asubuhi, usisubiri saa saba.

Maandishi ya mpira kwa mpira, kwa mfano ESPNcricinfo: data kidogo mno, na ndiyo ya haraka kuliko video. Weka arifa za wiketi (mpigaji kutolewa) na za mwisho wa kipindi tu. Ukiacha arifa za kila mpira unaofika mpakani kwa mikimbio minne, simu itaisha chaji kabla ya chai, na stima ikipotea jioni umekwisha.

Hatua ya 3: Isome sarafu

Hii nusu saa kabla ya mchezo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye habari nyingi kuliko saa nzima inayofuata. Tazama mambo matatu: nahodha aliyeshinda amechagua nini, kuna mrushaji wa kuzungusha kwenye kikosi au wote ni wa kasi, na mawingu yakoje. Pichi (ukanda wa katikati mpira unaporushwa) yenye nyasi na mbingu nzito humvuta nahodha kurusha kwanza, kwa kuwa mpira mpya hupinda hewani na kuruka ukigonga mshono. Pichi kavu humfanya apige kwanza, ili mpinzani ndiye apige siku ya nne na ya tano nyufa zikishafunguka.

Uamuzi huo unaweza kugharimu sana. Brisbane, Novemba 2002, Nasser Hussain wa Uingereza alishinda sarafu akachagua kurusha. Siku ilipoisha Australia ilikuwa na mikimbio (alama) 364 kwa wiketi 2, yaani wapigaji wawili tu wametolewa.

Hatua ya 4: Huwezi kutazama saa sita zote, chagua madirisha

La kwanza ni saa saba hadi saa nane na robo. Mpira ni mpya, wapigaji wa kufungua hawajazoea pichi, na waliojipanga nyuma ya mpigaji ni wengi. Kama una mapumziko ya chakula kazini, yaombe wakati huu.

La pili ni dakika ishirini za kwanza baada ya kila mapumziko. Mpigaji aliyekuwa ametulia hurudi miguu ikiwa imepoa.

La tatu ndilo watu wa Nairobi hulikosa wakiwa kwenye matatu: ova ya 80. Hapo timu inayorusha inaruhusiwa kuchukua mpira mpya. Kwa ova 15 kwa saa ingefika saa moja na dakika 20 usiku, lakini timu nyingi huenda polepole, kwa hiyo tegemea kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Wapigaji wamechoka, mwanga unafifia, mpira unang'aa. Timu iliyokuwa 270 kwa 4 inaweza kulala ikiwa 290 kwa 7.

Saa ya kati, saa kumi mpaka saa kumi na moja hivi, mpira umelainika na haufanyi kitu. Fanya kazi ya mwajiri.

Hatua ya 5: Soma kadi ya matokeo bila kudanganyika

Kwa mrushaji, 18-5-43-3 ni ova 18, ova 5 zisizotoa mkimbio, mikimbio 43, wiketi 3. Namba ya pili ndiyo inayoonyesha shinikizo, na arifa za simu huwa haziitaji.

Kadi ya siku ya kwanza isikupe matokeo. Rawalpindi, Pakistan, tarehe 1 Desemba 2022, Uingereza ilipiga 506 kwa 4 katika ova 75 tu, kiasi ambacho hakuna timu iliyowahi kukifikia siku ya kwanza. Bado ilibidi wasubiri dakika za mwisho za siku ya tano, giza likiingia, kushinda kwa mikimbio 74. Lord's, London, fainali ya Ubingwa wa Dunia wa Test ya Juni 2025, wiketi 14 zilianguka siku ya kwanza: Australia 212 wote nje, Afrika Kusini 43 kwa 4. Aliyelala usiku huo akiamini Australia imeshika usukani alikuwa na sababu zote. Afrika Kusini ilishinda kwa wiketi 5.

Maswali ya wanachama

Ngara: Kuna mahali naona 85-3 na kwingine 3-85. Ni timu mbili?
*Jibu:* Ni timu moja. Waaustralia huanza na wiketi, wengine huanza na mikimbio. Namba isiyozidi 10 ndiyo wiketi.

South C: Programu iliruka kutoka 61.5 hadi 62. Nilikosa mipira?
*Jibu:* Hapana. Ile si desimali. 61.5 ni ova 61 na mipira 5. Mpira wa sita ukirushwa, ova ya 62 imekamilika.

Pangani: Mvua imekatika, jua linawaka, na bado hawachezi. Wanasubiri nini?
*Jibu:* Maji yaliyo kwenye nyasi na kwenye njia ya kukimbilia ya warushaji. Mrushaji wa kasi akiteleza pale anavunjika goti. Waamuzi hukagua na kutangaza saa ya kukagua tena. Fuata hiyo saa badala ya kutazama anga. Muda uliopotea hufidiwa kwa kurefusha jioni kama mwanga upo.

Parklands: Kundini mtu huandika "wiketi!" kabla sijaiona. Nifanyeje?
*Jibu:* Video ya mtandaoni huweza kuchelewa nusu dakika au zaidi, dish huchelewa kidogo, maandishi huwahi. Nyamazisha kundi wakati unatazama, au mkubaliane kwamba hakuna anayeandika mpaka ova iishe.

Eastleigh: Ndugu wasimamizi, saa mbili kasorobo wiketi ilianguka na akaja mrushaji asiyejua kupiga. Nahodha amechanganyikiwa?
*Jibu:* Amepanga. Zikibaki ova chache na mpira ni mpya, humtuma huyo amkinge mpigaji mzuri hadi kesho. Akitoka, hasara ni ndogo. Akibaki, kesho asubuhi anakula mipira ya kwanza yenye hatari.

Umoja: Na Kenya je, tutacheza Test lini?
*Jibu:* Hadhi ya Test ina nchi 12, mbili za mwisho zikiwa Ireland na Afghanistan, zilizoipata 2017. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 bila hadhi hiyo, na mwaka 2014 ikapoteza hata ile ya mechi za siku moja. Kwa sasa njia ni kupanda madaraja ya ligi za ICC (baraza la kriketi duniani) za mechi fupi. Mechi za hapa nyumbani huchezwa Gymkhana, na huko huhitaji bando.